Kadi ya chama bado iko juu ya friji

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa Kikongo. Nilizaliwa Uvira, nikakulia kambini Kigoma, na huu ni mwaka wa saba niko San Diego, California, mtaa wa City Heights. Nina leseni ndogo ya kulea watoto nyumbani. Watoto wa watu ninaowalea ni sita. Wanne wanalipiwa na serikali kwa kuwa kipato cha wazazi wao ni kidogo. Wawili waliobaki, wazazi wao wananilipa wenyewe kila Ijumaa, hela mkononi.

Siku yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Kuna mama anafanya usafi hospitalini, ananiletea mwanawe akiwa bado usingizini, amemviringisha blanketi, namlaza kwenye kochi bila kuwasha taa. Wa mwisho huchukuliwa saa moja usiku. Hapo ndipo naanza kupika cha kwangu.

Shida ni hii. Fedha ya serikali hainifikii moja kwa moja. Katikati kuna ofisi inayolipa kwa niaba ya jimbo. Kila mwezi ukiisha napeleka karatasi za mahudhurio. Mzazi anaandika saa aliyomleta mtoto na saa aliyomchukua, kisha anatia sahihi. Hawataki saa ya kukadiria. Kama umefika 7:27, unaandika 7:27, siyo 7:30. Mwezi wa pili baba mmoja aliweka herufi moja tu ya jina lake badala ya sahihi, siku tatu. Karatasi ikarudishwa, tena baada ya wiki mbili! Nikamfukuzia yule baba, akarekebisha, nikapeleka upya. Fedha niliiona wiki ya sita. Kodi ya nyumba nililipa kwa zamu niliyoazimwa kwenye likelemba, yaani upatu, ya kina mama wa kanisani. Nilipopiga simu ile ofisi, kwanza ilinijibu mashine, halafu kijana mmoja akaniambia niko kwenye foleni.

Siku hizo hizo akaja dada mmoja na kishikwambi mkononi. Ni Msomali wa mtaa huu huu, naye analea watoto kwake. Anasema sisi walezi wa nyumbani tuna chama, kinaitwa Child Care Providers United, na kwamba tayari kina mkataba na jimbo. Anataka nitie sahihi kadi. Amekuja mara tatu. Mara ya mwisho aliniachia kadi ya karatasi, nimeibandika juu ya friji kwa sumaku.

Bwana yangu hataki hata kuisikia. Ananiambia, "Kambini tulichangishwa hela ya mashine ya kusaga. Hiyo mashine uliiona?" Halafu anasema mimi si mfanyakazi wa mtu. Leseni ni yangu, biashara ni yangu, chama cha wafanyakazi kinanihusu nini? Juzi tena ikaja barua ya posta kutoka kwa shirika nisilolijua. Inasema nina haki ya kutolipa chama hata senti moja na kubaki na fedha yangu. Imechorwa bendera juu, niliposhika bahasha nilidhani ni ya serikali. Nimeogopa, Shangazi, kwa sababu mwaka huu nataka kuomba uraia.

Kuna jingine, naona aibu kulisema. Mzazi mmoja ameniomba tuandike kwamba mwanawe anashinda kwangu siku tano, na kweli yake ni siku tatu, halafu ile fedha ya ziada tugawane. Nimemwambia nitafikiri. Ni ndugu wa bwana yangu.

Niambie nifanye nini.

Mama wa watoto sita, City Heights

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu hayo mengine yanaweza kusubiri wiki na hili haliwezi kusubiri kesho. Usiandike. Usiandike siku moja ya uongo, wala nusu saa. Karatasi ile ina sahihi ya mzazi na yako wewe, na fedha inayotoka hapo ni ya umma. Ikigundulika utadaiwa uirudishe, leseni unaweza kuipoteza, unaweza hata kushtakiwa. Na kwa mtu anayejiandaa kuomba uraia, huko kwenye maombi wanaangalia mwenendo wako. Shemeji yako atasema aliteleza, wewe ndiye utakayeitwa mwizi wa serikali. Umemwambia utafikiri, leo usiku mwambie umeshafikiri. Tena aende bwana yako akamwambie, maana undugu ni wake. Chama chochote, kizuri namna gani, hakiwezi kukutetea kwenye karatasi uliyoidanganya mwenyewe.

Haya, tuje kwenye friji.

Bwana yako simcheki. Mimi nilikuwa mwalimu miaka mingi, na kila mwezi ada ya chama ilikatwa kwenye mshahara wangu bila mtu kuniuliza. Nilichokiona kwa macho yangu ni fulana ya Mei Mosi. Yenyewe ilikuwa saizi ya mtu wawili, nikaishia kuifanya tambara la kupigia deki. Kwa hiyo usitegemee nikuimbie nyimbo za vyama. Lakini mashine ya kusaga ya kambini na hiki unachoulizwa sasa ni vitu viwili tofauti, na swali la bwana yako kuhusu biashara ni zuri kuliko anavyofikiri mwenyewe. Ndilo lililowasumbua wanasheria wa Marekani miaka na miaka.

Sheria ya nchi hiyo inayowapa wafanyakazi haki ya kuungana na kujadiliana na mwajiri ni ya mwaka 1935. Haiwahusu watu wanaojiajiri, na iliwaacha nje pia wafanyakazi wa majumbani na wa mashambani, kazi ambazo kule kusini zilifanywa zaidi na watu weusi. Wewe unaonekana kama mtu anayejiajiri. Sasa unaweza kusema, basi sisi kina mama kumi wa City Heights tukae, tukubaliane bei, tuipeleke serikalini. Hapo unakutana na sheria nyingine, ya mwaka 1890, inayokataza wafanyabiashara kupanga bei pamoja. Iliandikwa kwa ajili ya makampuni makubwa, lakini mama mwenye kochi na watoto sita naye ni biashara mbele yake. Peke yako huna nguvu, na mkiwa kumi mnaweza kuambiwa mmevunja sheria.

Angalia watoto wako sita. Wale wawili wa Ijumaa, bei unaitaja wewe. Mchele ukipanda, mnaongea mlangoni na mzazi, mnaelewana au mnaachana. Wale wanne je? Bei yao imetajwa na jimbo, na hukuulizwa. Tangu Januari 2022 kiwango cha juu ambacho jimbo la California linalipa kilipangwa kwa kufuata utafiti wa bei wa mwaka 2018: walitafuta ile bei ambayo robo tatu ya walezi walikuwa wanatoza hiyo au chini yake, wakasema mwisho ni hapo. Bei za 2018, mwanangu. Kanunue trei ya mayai kwa bei ya 2018. Saa za kuandika kwenye karatasi, siku ya malipo, mtoto akiugua unalipwa au hulipwi, yote yanaamuliwa huko. Kwa wale wawili wewe ni mfanyabiashara kweli. Kwa wale wanne una bosi, ila bosi hakubali kuitwa bosi.

Majimbo kadhaa yakatafuta njia ya kupita katikati. Yakasema, kwa ajili ya majadiliano tu, walezi wa nyumbani wanaolipwa kwa ruzuku wanaweza kuchagua chama kimoja, na jimbo litakaa nacho mezani. Illinois ilifungua njia mwaka 2005. California ilichelewa sana. Mwaka 2011 wabunge walipitisha muswada wa namna hiyo, Gavana Jerry Brown akaukataa. Aliyekubali muswada kama huo ni gavana aliyemfuata, Gavin Newsom, tarehe 30 Septemba 2019. Julai 2020, katikati ya korona, kura zikahesabiwa, na asilimia 97 ya waliopiga wakakichagua hicho chama alichokutajia dada Msomali. Walezi waliohusika walikuwa zaidi ya 40,000, kuanzia wenye leseni kama wewe hadi bibi anayelea wajukuu wa jirani bila leseni lakini kwa kibali cha ruzuku.

Hapa ndipo pa kusoma polepole, kwa sababu wengi wanapakosea. Msemaji tayari unaye. Siku ulipopokea mtoto wa kwanza wa ruzuku uliingia kwenye kundi linalosemewa, na mkataba uliosainiwa unakuhusu leo hii, kadi ikiwa imejazwa au ikiwa imebaki juu ya friji. Chama kinawajibika kumwakilisha kila aliye kwenye kundi, aliyelipa ada na asiyelipa. Kwa hiyo swali unaloulizwa mlangoni ni moja tu, kama unataka kuwa mwanachama, yaani mwenye kulipa na mwenye kura.

Ndiyo maana ile barua yenye bendera haisemi uongo. Tarehe 30 Juni 2014 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kesi ya Pamela Harris, mama wa Illinois aliyekuwa akimhudumia mwanawe nyumbani kwa malipo ya serikali. Walisema mtu wa aina hiyo hawezi kulazimishwa kulipa chama asichokitaka. Mwaka 2018 wakaupanua uamuzi huo kwa watumishi wote wa umma. Basi ni kweli, hulazimiki hata senti. Ila waandishi wa barua wamekomea hapo. Hawajakuambia kwamba hicho utakachobaki ukikifaidi bila kulipa kimepatikana kwa ada za wenzio, na kwamba wakijitoa wengi, hakuna atakayemlipa wakili wala mkalimani wa kukaa mezani. Bahasha inayojifanya ya serikali, mimi huwa naifungua kwa jicho moja.

Kimepatikana nini? Mkataba wa kwanza ulikuja mwaka 2021, ukiwa na fungu la mafunzo. Makubaliano ya 2023 ndiyo yaliyonivutia mimi: nyongeza ya kila mwezi kwa kila mtoto wa ruzuku juu ya ile bei ya zamani, mfuko wa kuwasaidia walezi na gharama za bima ya afya, na dola milioni 80 za kuanzisha mfuko wa uzeeni. Uzeeni! Mwanamke aliyelea watoto wa mji mzima miaka thelathini alikuwa anastaafu na mgongo mbovu na picha za watoto ukutani, basi. Ile nyongeza pengine tayari unaiona kwenye malipo yako bila kujua imetoka wapi. Bima na uzeeni vina masharti yake na fomu zake, haviji vyenyewe, kwa hiyo dada akija tena mwambie akuonyeshe hizo fomu kabla ya kukuonyesha kadi.

Sasa nikupunguzie matumaini kidogo. Mkataba haukufanyi mtumishi wa serikali. Sheria yenyewe imesema hivyo, na likizo na pensheni ya karani wa jimbo si yako. Wale watoto wawili wa Ijumaa hauwagusi. Mkaguzi wa leseni atakuja vile vile na atafungua makabati vile vile. Na wala si kila mahali walezi wanakitaka chama. Minnesota waliletewa kura mwaka 2016, wakakataa kwa kura 1,014 dhidi ya 392. Wengi wao waliona kama bwana yako anavyoona, kwamba wao ni wenye biashara. Kwingine chama kiliruhusiwa kwa kalamu ya gavana na kikaondolewa kwa kalamu ya gavana. Ohio ndivyo ilivyowapata mwaka 2015, Gavana John Kasich alipofuta alichokiruhusu mtangulizi wake. Cha California kimesimama juu ya sheria iliyopita bungeni, kwa hiyo ni vigumu zaidi kukifuta asubuhi moja.

Kuhusu uraia, pumua. Kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi ni halali Marekani na si sababu ya kunyimwa uraia. Fomu ikikuuliza uanachama wako, sema ukweli, umemaliza. Kwa swali lolote zaidi ya hapo nenda kwa wakili wa uhamiaji mwenye leseni, usiulize mimi, wala dada wa kishikwambi, wala mchungaji.

Ungeniuliza kama ningekuwa wewe ningetia sahihi, ningesema ndiyo, lakini si mlangoni na si kwenye kishikwambi. Likelemba unaijua vizuri. Huingii kwenye likelemba kabla ya kujua fedha inashikwa na nani wiki hii na zamu yako ni lini. Fanya hivyo hivyo. Mkaribishe yule dada ndani, mpe chai, bwana yako awepo, na kadi iwe mezani. Akuambie ada ni kiasi gani, ni kiwango kimoja kwa wote au ni asilimia ya unacholipwa, na inakatwa na nani kabla fedha haijakufikia. Yale maandishi madogo ya chini usiyaruke: kadi nyingi za vyama zina kipindi maalumu cha kujitoa, siku chache kwa mwaka, na ukikikosa unaendelea kukatwa hadi kizunguke tena. Hesabu za chama zinasomwa wapi, na nani anaruhusiwa kuziona? Kama hana majibu, si kosa lake, naye analea watoto, aende akayalete. Na kama hujaelewa Kiingereza cha kadi, omba mtu akusomee kwa Kiswahili kabla hujashika kalamu. Halafu hudhuria mkutano mmoja tu kabla ya kuamua. Ukikuta kina mama kama wewe wanauliza maswali magumu na wanajibiwa, umepata chama. Ukikuta fulana tu, rudi nyumbani.

Nimebakiza ile fedha ya wiki ya sita. Sheria ya California inaipa ofisi inayolipa siku 21 tangu ipokee karatasi ya mahudhurio iliyokamilika. Neno lililokuumiza ni hilo, iliyokamilika. Herufi moja ya yule baba iliwapa nafasi ya kusema karatasi haijafika, na siku zikaanza kuhesabiwa upya. Kwa hiyo funga huo mlango. Kila Ijumaa jioni, kabla wazazi hawajaondoka, pitia karatasi mstari kwa mstari, na mwenye pengo alijaze hapo hapo akiwa ameshika begi la mtoto. Mwezi ukiisha piga picha kila ukurasa kwa simu, peleka kwa njia inayokuachia ushahidi wa tarehe, na tarehe hiyo iandike kwenye kalenda ya jikoni. Zikipita siku 21 na karatasi ilikuwa safi, hapo una kesi, na una mahali pa kuipeleka, kwa sababu mkataba una utaratibu wa malalamiko na unaweza kuutumia. Kadi ya juu ya friji haihitajiki kwa hilo. Na ile tabia ya kukaa na karatasi wiki mbili ndipo irudishwe, iseme mkutanoni. Nina hakika hutakuwa peke yako, na jambo la aina hiyo likisemwa na walezi mia moja ndilo linalofika kwenye meza ya mkataba ujao.

Kina mama wa kanisani warudishie zamu yao kwanza malipo yakiingia. Na yule baba mwambie, kwa heshima, jina alilopewa na wazazi wake aliandike lote.